Kinundu kinachokosekana: mwongozo kamili wa kutambua kiungo cha mtulinga na kidari kilichochomoka

Saa tatu usiku bajaji ilisimama mlangoni pa chumba cha majeruhi ikiwa na kijana wa bodaboda, umri miaka 19. Alikuwa amekaa wima, mkono wa kulia ameupakata kwa wa kushoto, kichwa kimeinamia kulia kama mtu aliyebana simu kwa bega. Pikipiki ilimwangusha kwa ubavu, na abiria wake, mtu wa mwili, akamwangukia mgongoni. Kulala chali alikataa. Nilimpima bega, lilikuwa mahali pake. Nikaagiza eksirei ya bega, ikarudi safi. Nikampa diklofenaki na kitambaa cha kuning'iniza mkono, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Alirudi siku ya tatu, na mama yake. "Daktari, ugali haushuki," mama alisema. "Anakunywa uji tu, tena kwa taabu." Kijana akaweka kidole kwenye kishimo cha chini ya koo. Ndipo nilipotazama mahali ambapo nilipaswa kupatazama tangu usiku ule. Ncha ya ndani ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa mwembamba unaotoka juu ya kifua kwenda begani, ilionekana na kushikika. Ya kulia haikuwapo. Palikuwa na kibonyeo, na uvimbe uliokifunika usiku ule ulikuwa umeanza kupungua.

Mwongozo huu wa kiungo ambapo mtulinga unakutana na kidari, mfupa wa katikati ya kifua, ni wa tabibu, muuguzi na daktari wa zamu aliye peke yake wilayani, mwenye eksirei lakini CT skani, mashine inayopiga mwili picha za vipande vipande, iko saa kadhaa barabarani. Asiye mtaalamu pia anaweza kuusoma ili ajue wakati gani asikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu.

Kwanza tukubaliane maneno, maana mtaani "kuteguka" ni neno la kila kitu. Hapa, kiungo kikishtuka, kano zimevutika lakini mifupa iko mahali pake. Kikilegea, baadhi ya kano zimekatika na mfupa unacheza, unatoka na kurudi. Kikichomoka, mfupa umekihama kikao chake. Kinaweza kuchomoka kwa mbele, kinundu kikatokeza juu ya kifua, au kwa nyuma, mfupa ukaingia kifuani. Kwa mbele ndiyo kawaida, kwa nyuma ni nadra. Na nadra yenyewe iko ndani ya nadra nyingine: kati ya viungo 100 vya eneo la bega vinavyochomoka, cha mtulinga na kidari ni kama vitatu tu. Unaweza kufanya kazi miaka kumi usikione. Hatari ya kukikosa inatoka hapo hapo, kwa sababu mkono hauwezi kutafuta kitu ambacho kichwa hakikiwazi.

Kiungo chenyewe

Mkono wako wote umeungana na kiwiliwili kwa kiungo kimoja tu cha mfupa kwa mfupa, nacho ni hiki. Bawa la bega limelala juu ya mbavu likishikwa na misuli. Kwa hiyo kila unapoinua mkono, unapopandisha mabega, hata unapojigeuza kitandani, kiungo hiki kinazunguka. Ndiyo sababu mgonjwa wake haoni mkao wa kupumzikia.

Kichwa cha mtulinga ni kikubwa, kikao chake kwenye kidari ni kidogo: chini ya nusu ya kichwa hicho ndiyo inayokaa. Ni chungu cha pilau juu ya mafiga ya kuchemshia chai. Kinachokizuia kisiporomoke ni kano: za mbele, za nyuma, ile inayofunga mitulinga miwili kupitia juu ya kidari, na ile fupi nene inayoufunga mtulinga kwenye ubavu wa kwanza. Ndani mna kisahani cha gegedu. Kano za nyuma ndizo imara kuliko za mbele, ndiyo maana mfupa hutokea mbele kwa urahisi zaidi.

Nyuma ya kiungo kuna pazia jembamba la misuli ya shingo, halafu vitu ambavyo hutaki viguswe: vena kubwa zinazorudisha damu ya kichwa na mkono, ateri kubwa, bomba la hewa, umio, neva zinazoshuka kwenda mkononi, na neva ya sauti. Upande wa kulia, ateri kubwa hugawanyika nyuma ya kiungo hiki hiki, tawi moja likaenda mkononi na jingine kichwani. Mfupa ukirudi nyuma sentimita mbili tu, umeshabisha hodi kwa hawa wote. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, aliandika katika miaka ya 1820 habari za mgonjwa ambaye mtulinga wake ulisukumwa nyuma taratibu na mgongo uliopinda, hadi akawa hawezi kumeza. Dalili iliandikwa karne mbili zilizopita, nami nilihitaji ugali wa mtu kuikumbuka.

Hatua ya 1: Sikiliza namna alivyoanguka

Kabla ya yote, huyu ni mgonjwa wa ajali. Njia ya hewa, pumzi, damu, kichwa na uti wa shingo vinatangulia. Kiungo hiki hakichomoki kwa kujikwaa, kinahitaji nguvu kubwa, na nguvu hiyo huenda imevunja na kingine.

Akitulia, mwombe akuonyeshe ajali kwa mwili wake, asikusimulie tu. Mara nyingi kiungo hiki hakigongwi chenyewe. Linagongwa bega, na nguvu inasafiri kwenye mtulinga mpaka kwenye kidari. Bega likisukumwa kutoka nyuma na pembeni, linakunjika kuelekea mbele na ncha ya ndani ya mtulinga inakwenda nyuma. Likisukumwa kutoka mbele na pembeni, linarudi nyuma na ncha inatokeza mbele. Ni pembea ya ubao iliyoegemea ubavu wa kwanza: upande mmoja ukienda huku, mwingine unakwenda kule.

Kwa hiyo swali la dhahabu ni hili: "Ulikuwa umelala ubavu, halafu mtu au kitu kikakuangukia kwa nyuma?" Dereva wa bodaboda na abiria wake ni mfano mmoja. Mchezaji wa raga aliyelala chini ya kirundo cha wenzake ni mwingine, na wenzetu wa Kenya, ambako raga ya shule za sekondari ina nguvu, wana sababu zaidi ya kuukumbuka. Njia ya pili ni pigo la moja kwa moja juu ya ncha ya ndani ya mtulinga: usukani wa gari, goti la mpinzani, teke la punda. Pigo la namna hiyo linaupeleka mfupa nyuma tu, hauna kwingine pa kwenda.

Andika maelezo hayo kwenye faili kama alivyoyasema. "Ameanguka na pikipiki" hayamsaidii atakayempokea mgonjwa wako.

Hatua ya 2: Uliza habari za koo kabla ya kugusa bega

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimuuliza kila kitu kuhusu bega, na koo sikuliuliza.

Maswali ni ya kawaida kabisa. Mate yanapita ukimeza? Kuna kitu unahisi kimekwama hapa? Ukilala pumzi inabana? Sauti yako ndiyo hii au imebadilika? Swali hilo la sauti muulize mama, mke au rafiki aliyemleta, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajisikii. Mkono unafa ganzi? Vidole vinachoma kama vimekaliwa? Unauhisi mkono mzito au umejaa? Uso au shingo imevimba tangu ajali?

Usimjaribu kumeza kwa kumpa maji. Huenda akaingia chumba cha upasuaji usiku huo huo, na tumbo tupu ni rafiki wa mtoa nusukaputi. Mwambie ameze mate huku ukimtazama shingo.

Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote kati ya hayo, kwa mtu aliyeumia eneo la juu ya kifua, lihesabu kuwa mtulinga umeingia ndani mpaka picha ikukanushe. Jibu la "hapana" kwa yote halimtoi hatarini. Wengi ambao mfupa umerudi nyuma hawana hata moja ya dalili hizi siku ya kwanza. Wana maumivu tu, makali kuliko unavyotarajia kwa mtu ambaye eksirei ya bega lake ni safi.

Hatua ya 3: Macho, kisha vidole viwili

Mvue shati. Kwa mwanamke, kanga ifungwe chini ya makwapa ili mitulinga yote miwili ionekane mpaka kwenye kidari, na awepo muuguzi wa kike. Ukikagua kupitia ukosi wa shati utaona nusu tu, na nusu utakayoikosa ndiyo unayoitafuta.

Mtazame kutoka mbele: kichwa huinamia upande ulioumia, mkono umeshikwa na mwenzake, bega la upande huo linaonekana fupi na limesogea mbele. Kisha zunguka usimame nyuma yake akiwa amekaa, tazama chini kupitia juu ya mabega. Mkao huu haufundishwi sana lakini mimi sasa naanza nao, kwa sababu kutoka juu unaona ncha zote mbili kwa pamoja, ipi imetokeza na ipi imezama.

Halafu vidole. Weka vidole vya shahada, kimoja kila upande, kwenye kishimo cha chini ya koo. Viteleze nje taratibu kwa wakati mmoja. Kwa mtu mzima wa afya, kila kidole hupanda kinundu: hicho ni kichwa cha mtulinga, na kwa kawaida hutokeza kidogo kuliko kidari. Usiogope kinundu. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya pande mbili. Kinundu kikubwa kinachouma upande mmoja, pengine kinachocheza ukikibonyeza, ni mfupa uliotokea mbele. Kidole kikitumbukia, ukaushika ukingo wa kidari waziwazi na ubavu wa kwanza ukajitokeza pale ambapo mtulinga ungeufunika, mfupa umekwenda nyuma.

Sasa mtego wenyewe. Saa chache baada ya ajali damu na maji hujaa pale. Kibonyeo kinajaa, na uvimbe unaweza hata kupita usawa wa ngozi ya upande mzima. Ukigusa juu juu utasema "umetokea mbele" wakati mfupa uko ndani. Uvimbe ni laini, mfupa ni mgumu. Bonyeza kwa upole mpaka ujue unachogusa, na usipojua, andika kuwa hujui. Kuandika "kuchomoka kwa mbele" kwa kubahatisha ni hatari kuliko kuandika "mwelekeo haujulikani", kwa sababu aliyechomoka mbele anaweza kusubiri kliniki ya mifupa na aliyechomoka nyuma hawezi.

Shika mabega yote mawili kwa nje, yasogeze kidogo kuelekeana. Maumivu yakichoma pale kwenye kidari badala ya begani, kiungo hiki kimeguswa. Fanya mara moja tu, inatosha, na kama tayari ana shida ya pumzi usifanye kabisa. Kisha fuata mtulinga wote kwa kidole hadi ncha ya nje, kwa kuwa unaweza kuvunjika katikati, na kuna wachache ambao huchomoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja.

Malizia na mishipa na neva: mapigo ya mkono kwenye vifundo vyote viwili, presha ya mikono yote miwili, rangi na joto la vidole, vena za shingo kama zimetuna upande mmoja, hisia na nguvu za vidole. Pima oksijeni. Sikiliza mapafu, na usikilize shingo pia: mlio wa kukwaruza anapovuta pumzi ni bomba la hewa linalobanwa.

Hatua ya 4: Angalia umri kabla ya kuandika jina la ugonjwa

Mtulinga ni mfupa wa ajabu. Huanza kuwa mfupa kabla ya mifupa mingine yote, mimba ikiwa na majuma machache, na ncha yake ya ndani ndiyo ya mwisho mwilini kuacha kukua. Kipande cha mfupa cha ncha hiyo huanza kuonekana kwenye picha karibu na miaka 18 hadi 20, na hushikamana na mfupa mzima kati ya miaka 23 na 25.

Maana yake ni kwamba kwa aliye chini ya miaka 25, kinachoonekana kama kiungo kilichochomoka huenda ni mvunjiko kwenye gegedu la ukuaji: ncha imebaki kwenye kidari, mfupa uliobaki umehama. Kwa vidole huwezi kutofautisha. Kwa eksirei pia ni vigumu, kwa kuwa kipande chenyewe huenda bado ni gegedu, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Hatari kwa mishipa ni ile ile mfupa ukirudi nyuma, kwa hiyo haraka haipungui. Kinachobadilika ni matibabu, kwa sababu mvunjiko wa kijana hujiunga na hata kujinyoosha kwa namna ambayo kano za mtu mzima haziwezi. Andika umri kwa herufi kubwa kwenye fomu.

Hatua ya 5: Eksirei, na namna ya kuiomba

Ukiomba "eksirei ya bega" utapata bega. Ukiomba "eksirei ya kifua" utapata mapafu, na kiungo chako kitakuwa kimejificha nyuma ya uti wa mgongo na mbavu. Hata hivyo picha ya kifua ipigwe, kwa kazi nyingine: hewa nje ya pafu, ubavu wa kwanza uliovunjika, kivuli kipana katikati ya kifua kinachoweza kuwa damu. Na ukiwa nayo mkononi, linganisha vichwa viwili vya mitulinga. Kimoja kikiwa juu au chini ya mwenzake kwa zaidi ya nusu ya upana wa kichwa, shuku. Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa hakupinda. Pingili za mgongo zikae katikati ya mitulinga, la sivyo unalinganisha mkao wake badala ya mifupa yake.

Picha inayofaa ni ile ya mwale ulioinamishwa. Mgonjwa amelala chali, kaseti, bamba linalonasa picha, iko chini ya mabega na shingo, mashine inainamishwa nyuzi 40 kuelekea kichwani, shabaha ikiwa sehemu ya juu ya kidari, na mitulinga yote miwili iingie kwenye picha moja. Umbali wa mashine kwa mtu mzima ni kama mita moja na nusu. Daktari wa mifupa wa Marekani, Charles Rockwood, aliyeifikia picha hii kwa bahati tu, akaipa jina la Serendipity, neno la Kiingereza la kuokota kizuri ambacho hukukitafuta. Fundi wa eksirei aliyesoma vitabu vya mifupa atalijua jina hilo. Asiyelijua, mwandikie hivi:

"Tafadhali: viungo vya mtulinga na kidari, pande zote mbili katika picha moja. Mgonjwa chali, mwale nyuzi 40 kuelekea kichwani, katikati ya sehemu ya juu ya kidari. Nashuku mtulinga wa KULIA umerudi nyuma."

Kuisoma ni rahisi. Pitisha mstari wa kulala kwenye mtulinga mzima mpaka upande wa pili. Ulioumia ukipanda juu ya mstari, umetokea mbele. Ukishuka chini yake, umerudi nyuma. Kwa nini mbele ionekane juu? Kwa sababu mwale unatoka upande wa miguuni kuelekea kichwani, na kilicho karibu na ngozi ya kifua hurushwa mbali zaidi. Ukielewa hilo huhitaji kukariri.

Mgonjwa asiyeweza kulala chali usimlazimishe. Kuna mkao mwingine, unaoitwa wa Hobbs: anakaa, anainama mbele juu ya meza mpaka kifua kiegemee kaseti, viwiko mezani, na mwale unashuka wima kupitia kisogo cha shingo. Mimi nimeutumia mara chache, kwa kuwa mwenye maumivu ya kiwango hicho hapendi kuinama pia.

Na ukweli usiopendeza: picha zote hizi zinaweza kuwa safi na mfupa ukawa umehama. Eksirei inakupa haki ya kusema "ndiyo". Haki ya kusema "hapana" haikupi.

Hatua ya 6: Altrasaundi ukiwa nayo, CT skani hata kama ni mbali

Hospitali nyingi za wilaya sasa zina altrasaundi, na wengi wetu tunaiona kuwa mashine ya wajawazito. Chukua kipimio cha bapa, kile cha mishipa na misuli, kilaze kufuata mtulinga mpaka juu ya kidari. Anza upande mzima ili jicho lizoee: mistari miwili mieupe ya mfupa, mwanya mdogo katikati, karibu usawa mmoja. Kisha hamia upande ulioumia. Mstari wa mtulinga ukizama ndani kuliko kidari, umepata jibu bila kumsogeza mgonjwa kitandani. Usibonyeze sana. Lakini altrasaundi haipiti nyuma ya mfupa, kwa hiyo hali ya mishipa haitakuambia.

CT skani ndiyo hakimu. Inaonyesha mwelekeo, umbali, mvunjiko mdogo, na kile kinachoguswa nyuma. Omba mambo mawili kwa maandishi: viungo vyote viwili pamoja na nusu ya ndani ya kila mtulinga, ili pawe na cha kulinganishia, na dawa ya kung'arisha mishipa ya damu kama unashuku mfupa uko nyuma. CT bila dawa hiyo itakuonyesha mfupa uliorudi nyuma, na utalazimika kumrudisha mgonjwa mashineni kuangalia ateri. MRI, picha ya sumaku, ina nafasi yake kwa kijana ambaye unataka kuliona gegedu la ukuaji, lakini hakuna haja ya kuisubiri usiku wa ajali.

CT ya kijana wangu ilionyesha ncha ya mtulinga imelala juu ya umio, na vena kubwa imesukumwa kando bila kupasuka.

Vinavyofanana navyo

Si kila kinundu pale ni ajali. Msichana wa miaka 16 anayeinua mkono na mfupa ukaruka mbele kwa mlio, akishusha unarudi, hauumi na hakuanguka, ana kano laini tangu kuzaliwa. Jaribu vidole vyake na viwiko, utakuta vinapinda kupita kiasi. Mtulize, mtulize na mama yake, na usimpeleke kwenye kisu. Mwanamke aliyekoma hedhi mwenye kinundu kilichokua polepole upande wa mkono anaoutumia zaidi, mara nyingi ni gegedu lililolika.

Kinachotisha zaidi ni usaha. Mgonjwa wa kisukari, anayeishi na VVU, mwenye selimundu au anayejidunga dawa za kulevya, akija na uvimbe wa moto pale na homa, bila ajali yenye maana, ana maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kwetu kifua kikuu lazima kiwe kwenye orodha: uvimbe wa wiki na miezi, baridi ukiushika, jasho la usiku, kupungua uzito. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi wana hadithi ya "niliangukia bega mwezi uliopita", kwa sababu kila mtu aliwahi kuangukia kitu. Pima ajali iliyosimuliwa kama inatosha kufanya unachokiona.

Usifanye haya, hata ukiombwa

Usiurudishe mfupa wodini. Kwa ule uliotokea mbele hutaua mtu, ila mara nyingi utarudi mahali pake kisha utoke tena. Kwa ule ulioingia ndani, kuna uwezekano mfupa wenyewe ndio umeziba tundu kwenye mshipa, nawe unauchomoa kama kizibo. Kazi hiyo hufanyika chini ya nusukaputi, na daktari wa upasuaji wa kifua au mishipa akiwa karibu.

Usimruhusu mkandaji. Najua, wapo wanaojua kazi, na familia itakuambia yule bibi wa kijiji aliunga mguu wa mjomba. Sema wazi: "Mama, hapa nyuma ya mfupa kuna mshipa mkubwa. Akikandwa hapa tunaweza kumpoteza." Nimeona maneno hayo yakieleweka kuliko hotuba yoyote ya sayansi.

Usimlaze chali ikiwa pumzi inabana. Mwache akae nusu, kitanda kimeinuliwa, oksijeni, sindano kubwa ya dripu kwenye mkono ulio mzima na si ulioumia, kwa kuwa damu ya mkono ule inapita kwenye vena iliyo hatarini. Asile.

Simu ya rufaa

Usipige kabla ya kuwa na karatasi mbele yako. Aliyeamshwa saa nane usiku anakupa nusu dakika. Mfano wa maneno:

"Shikamoo daktari. Nina kijana wa miaka 19, ajali ya pikipiki saa tatu usiku, aliangukiwa kwa nyuma akiwa amelala ubavu wa kulia. Ana kibonyeo kwenye ncha ya ndani ya mtulinga wa kulia, anashindwa kumeza, pumzi iko sawa akikaa, oksijeni 97, mapigo ya mikono yote yapo. Eksirei ya nyuzi 40 inaonyesha mtulinga umeshuka. Naomba CT yenye dawa ya mishipa, na daktari wa mifupa pamoja na wa kifua."

Hilo la mwisho ndilo linaloamua pa kumpeleka. Hospitali yenye daktari wa mifupa peke yake haitoshi kwa mfupa ulioingia ndani. Kwa Tanzania, Muhimbili ina faida ya kuwa na Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo moja. Kanda nyingine, uliza moja kwa moja kwenye simu: mna mtu wa kifua usiku huu? Muda una bei yake, kwani baada ya saa 48 hivi uwezekano wa kuurudisha mfupa bila kupasua hupungua sana.

Aliyechelewa, na unayemrudisha nyumbani

Atakuja mtu mwezi mmoja au miwili baada ya ajali, bega "halijapona", mkono unajaa jioni, au nyama anaitafuna mara kumi kabla ya kuimeza. Anza Hatua ya 2 kama vile ameumia leo. Vidole sasa vitakusaidia kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa uvimbe umekwisha. Haraka ni ya siku badala ya saa, lakini CT yenye dawa ya mishipa ni ile ile, na mtu wa kifua ni yule yule.

Na aliyeshtuka tu, picha zimelingana pande zote na koo halina neno, mpe kitambaa cha mkono na dawa ya maumivu, umtazame tena baada ya siku tatu hadi saba, uvimbe ukishuka, kwa vidole vile vile viwili. Kabla hajaondoka mwandikie nyuma ya kadi, kwa Kiswahili na si kwa herufi za kidaktari: akishindwa kumeza, sauti ikikauka, pumzi ikibana akilala, mkono ukivimba au kufa ganzi, arudi saa hiyo hiyo. Msomee kwa sauti mbele ya aliyemleta.